Mkupuo Usiotakiwa

Waliohudhuria kikao cha Chama cha Wastaafu wa Serikali, tawi la Buchi, mjini Kitwe, kilichofanyika katika ukumbi wa kanisa siku ya Jumanne, walikuwa hawa: ba Donald Mwenya ('ba' ni heshima yetu ya kumwita mkubwa), mkuu wa shule mstaafu, mwenyekiti, Mama Kasuba, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, katibu, ba Jere, tabibu mstaafu, mhazini, na wanachama wa kawaida waliojaa mabenchi ya mbele, kwa sababu mabenchi ya nyuma yana misumari. Waliotoa udhuru: hakuna. Waliofariki tangu kikao kilichopita: ba Chipasha, aliyekuwa amelipwa mkupuo wake, yaani kiinua mgongo chote kwa mara moja, mwezi Machi. Mgeni: Bwana Gershom Nkandu, mshauri wa mafao, aliyejialika mwenyewe.

Inafaa kueleza mgeni huyo alifikaje pale.

Gershom Nkandu alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi na kazi hakuna. Aliwahi kuuza viwanja vilivyokuwa chini ya nguzo za umeme mkubwa. Aliwahi kuuza bima ya mazishi, nayo bima ikafa kabla ya wateja wake. Alikuwa na sauti ya shemasi, viatu vya meneja, na uso ambao mtu akiutazama hujihisi amewahi kusoma naye. Hakuwa mkatili. Aliamini kwa dhati kwamba fedha iliyolala mfukoni mwa mtu mwingine inaonewa, na kwamba yeye ametumwa kuiamsha.

Mwisho wa mwezi mmoja aliingia benki, si kwa kuweka wala kutoa, bali kwa sababu ndani palikuwa na feni. Mbele yake katika foleni walisimama wazee wawili. Mmoja wao, mrefu, mwenye kofia ya sufi licha ya joto, alisema, "Mwaka wa tatu huu, ndugu yangu. Mkupuo wangu bado haujalipwa."

"Na wangu je?" akajibu mwenzake. "Umelala kama mtoto mchanga."

Wote wawili wakashusha pumzi ndefu. Nkandu aliyasikia maneno, lakini hakuusikiliza mlio wa pumzi. Laiti angeusikiliza, angegundua kwamba ilikuwa pumzi ya mtu aliyekwisha kula akashiba. Yeye alikuwa tayari ameondoka na hesabu kichwani: mtu aliyengoja fedha miaka mitatu atatoa fedha ili asingoje mwaka wa nne. Siku ileile alinunua mkoba wa ngozi bandia, akaujaza magazeti ya zamani ili uwe na uzito, kisha akajizulia mpwa katika ofisi ya pensheni kule Lusaka. Huyo mpwa alimtungia jina, cheo na hata tabia ya kupenda samaki, kwa maana Nkandu alikuwa fundi, na fundi hafanyi kazi nusunusu.

Basi Jumanne hiyo alisimama mbele ya wastaafu wa Buchi, akafungua kitufe cha koti.

"Wazazi wangu," alianza, "mmelijenga taifa hili kwa mikono yenu. Mmefundisha, mmetibu, mmehesabu mahindi ya serikali. Leo mmestaafu, na jasho lenu limefungiwa kabatini Lusaka, chini ya rundo la mafaili. Mimi nina mpwa pale. Faili lako likiwa chini, yeye analipandisha juu. Hakuna rushwa, wazazi wangu. Ni ada ya kusukuma tu."

Alitegemea makofi. Alipata nyuso za watu walioambiwa kwamba mvua imeonekana juu ya harusi yao.

Yule mrefu wa benki, ambaye ndiye ba Jere, akanyoosha kidole. "Huyo mpwa wako, ni mwepesi wa kazi?"

"Kama umeme, mzee."

"Maskini," akasema ba Jere. Benchi zima likaguna kwa huruma.

Mwenyekiti alimshukuru mgeni kwa ufupi na kupitisha ajenda inayofuata, iliyohusu misumari ya mabenchi ya nyuma. Nkandu akatoka nje akiwa amelowa jasho. Katika maisha yake yote alikuwa amekataliwa kwa matusi, kwa mbwa na kwa polisi. Kwa huruma hakuwahi.

Alikuwa anafungua mlango wa gari lake aliposikia kandambili zikimfuata. Alikuwa Mama Kasuba, mwanamke mfupi aliyefunga kitenge cha samawati, mwenye sauti ile ya walimu wa darasa la kwanza inayomfanya mtu mzima aangalie kama kucha zake ni safi.

"Mwanangu Nkandu. Umesema mpwa wako anaweza kulipandisha faili."

"Hadi kileleni, mama."

"Je, kulishusha?"

Nkandu alishika mlango wa gari. "Kulishusha, mama?"

"Wewe ni mshauri wa mafao wa wapi?" Mama Kasuba akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesema mbili na mbili ni saba. "Sheria hujui? Mstaafu asiyelipwa mkupuo wake anabaki kwenye orodha ya mishahara. Mshahara kamili, kila mwezi, bila kushika chaki. Siku wakikulipa mkupuo, mshahara umekatika siku hiyohiyo, unabaki na kijipensheni cha kununulia chumvi. Mimi nina mjukuu, Mwaba, anasoma uuguzi Ndola. Mama yake hayupo duniani. Amebakiza miaka miwili. Ada yake ni huo mshahara. Wakinilipa leo, mtoto anarudi nyumbani kuuza vitumbua."

"Lakini mkupuo wenyewe, mama, si ungelipa ada yote?"

"Mkupuo?" Mama Kasuba akacheka bila furaha. "Umewahi kuona mkupuo unakaa nyumbani kwa mtu? Ba Chipasha walimlipa. Wakaja wadogo zake kutoka Mpika, wakaja wengine kutoka Kasama, wengine hata yeye mwenyewe hakuwajua, wakalala sebuleni mpaka ukutani. Huyu anataka mtaji, yule anataka mahari. Kwa kilichobaki akanunua basi dogo. Basi likaanguka mtoni, naye akaanguka kitandani. Tumemzika Aprili. Mshahara, mwanangu, hauna ndugu wengi. Unakuja kimya, unaondoka kimya."

Hapo ndipo Nkandu alipoelewa ile pumzi ya benki. Mtu mwingine angekata tamaa na kuondoka. Yeye hakupoteza hata dakika; akaushusha uso wake, akaupa uzito wa mtu anayeombwa jambo zito.

"Kushusha ni ghali zaidi, mama."

"Kwa nini iwe ghali? Vitu vinashuka vyenyewe."

"Mafaili ya serikali hayashuki yenyewe siku hizi. Kuna kompyuta. Kupandisha, mpwa wangu anasukuma mara moja, basi. Kushusha inabidi alikalie."

"Alikalie?"

"Alikalie, mama. Yeye mwenyewe na uzito wake. Na kila mwezi aendelee kulikalia."

Mama Kasuba akafikiri. Kisha akafungua pindo la kitenge chake.

Kabla ya juma kwisha, benchi lote la mbele lilikuwa limekwisha kulipa ada ya kukalia. Hakuna bidhaa iliyo rahisi kuuzwa kama usingizi wa faili la serikali. Haihitaji ghala, haiozi, na mwenye nayo huitoa bure. Kila mwisho wa mwezi Nkandu alipita nyumba kwa nyumba kupokea ada, na kila mwezi mkupuo wa mtu hata mmoja haukutoka, kama ambavyo haungetoka hata angekuwa mwezini. Wazee walimwombea. Walimletea karanga na kuku. Katika ubatizo wa kitukuu cha ba Mwenya alipewa kiti mbele ya baba wa ubatizo.

"Na huyo mpwa," ba Jere alimuuliza siku hiyo, akimmegea ugali, "hachoki kukaa?"

"Amezoea, mzee. Ni mtumishi wa umma."

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani, lakini mwaka wa uchaguzi ulikaribia, na serikali yoyote ikiukaribia uchaguzi hupatwa na dhamiri. Waziri mmoja alizungumza redioni kwa uchungu mwingi. Alisema ni aibu kwa taifa kuwalipa mishahara watu waliokwisha kuacha kazi. Alisema serikali itafanya mageuzi: umri wa kustaafu utapandishwa kwa walio kazini, mikupuo ya wajao itapunguzwa, na wastaafu wote wanaodai watalipwa kila kitu kabla ya siku ya kupiga kura, ili mzigo wa mishahara uondoke.

Vyama vya wafanyakazi vikachachamaa. Viongozi wao vijana, ambao kustaafu kwao kulikuwa mbali kama mbingu, walisema ahadi hiyo ni danganya toto, na wakaitisha maandamano ya kuwapigania wazee walipwe siku hiyohiyo. Ba Mwenya, kwa cheo chake, alitakiwa atangulie mstari wa mbele na bango lililoandikwa TULIPWE SASA. Alitembea kutoka Buchi hadi katikati ya mji, ameliinua bango juu, akimwomba Mungu kimoyomoyo kwamba serikali isisikie.

"Piga kelele, mwenyekiti!" kijana mmoja wa chama alimhimiza.

"Napiga," alinong'ona ba Mwenya.

Jioni hiyo wazee walimwendea Nkandu nyumbani kwake.

"Mpwa wako bado amekaa?" aliuliza Mama Kasuba.

"Amekaa, mama. Amekaa kabisa."

"Maana redioni wanasema mafaili yote yanatolewa."

"Redio inasema mengi," Nkandu alijibu, akawapa soda. Lakini walipoondoka hakuinywa yake. Aliona vizuri yatakayotokea. Mikupuo ingelipwa, mishahara ingekatika, na wazee wangekuja kudai ada zao za kukalia, wakiongozwa na mwanamke mwenye sauti ya darasa la kwanza. Alikuwa ameanza kukunja mashati yake ndani ya begi wakati wazo lilipomjia, zuri kiasi kwamba alikaa juu ya begi kulitafakari. Ikiwa serikali inalipa kweli, basi kila mzee wa Buchi alikuwa na mkupuo mnono unaokuja. Na mtu anayejua kwamba kitu kinakuja anaweza kukinunua kwa bei rahisi kutoka kwa mtu anayeamini kwamba hakiji.

Katika furaha yake alisahau somo moja alilofundishwa bure pembeni ya gari lake.

Aliitisha kikao mwenyewe, akaingia ukumbini na uso wa msiba.

"Wazazi wangu, nina habari mbaya. Mpwa wangu amehamishwa. Amepelekwa idara ya uvuvi."

"Ndiyo maana anapenda samaki," alisema ba Jere.

"Habari mbaya zaidi ni hii. Hayo malipo ya redioni ni siasa. Sheria mpya ikipita, mkupuo wenu utakatwa vipande, utalipwa kwa miaka kumi, kama utalipwa. Mimi nimekula kuku wenu. Siwezi kuwaacha hivi. Kwa hiyo, nitawapa fedha taslimu leo, theluthi ya kila mkupuo, mkononi. Ninyi mtanikabidhi mkupuo wenyewe siku utakapolipwa. Nikipoteza, nimepoteza mimi."

Wazee wakatazamana. Mama Kasuba alikuwa amekunja mikono, macho yamemkaa Nkandu usoni.

"Unasema malipo hayaji?"

"Hayaji, mama, kwa kweli."

"Na wewe unayanunua?"

"Kwa moyo tu."

Mama Kasuba akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mwalimu anayepokea jibu la mwanafunzi na kuahirisha kulisahihisha. "Nusu," akasema.

"Mama, utaniua."

"Huyu Mbemba mla nyani atakuuza na viatu vyako, kijana," ba Jere alionya, kwa utani wa makabila yao. "Mpe nusu ukalale."

"Nyamaza wewe Mngoni, mla panya. Nani alikuomba ushauri? Nusu, mwanangu, au tungoje redio."

Nkandu alijitia kusitasita kwa kadiri heshima ilivyodai, kisha akakubali nusu. Mkataba aliuandika yeye mwenyewe, kwa lugha tamu. Ba Mwenya, aliyezoea kusahihisha, alivaa miwani na kuusoma hadi mwisho.

"Hapa umeandika 'siku utakapolipwa'. Tarehe hujaweka."

"Tarehe ya nini, mzee? Nisingependa kuwabana."

"Una moyo mzuri sana," alisema ba Mwenya, akatia saini.

Sasa Nkandu hakuwa na nusu ya mkupuo wa mtu yeyote, seuze wa kijiji kizima cha wazee. Alikwenda soko la Chisokone kwa Bwana Sakala, ambaye huuza ndoo za plastiki mbele na kukopesha kwa riba nyuma ya ndoo. Mkopo huo sisi huuita kaloba, na wengine huuita kausha damu. Sakala mwenyewe huuita msaada. Aliomba dhamana mbili tu: gari, na nyumba ya kule mtaa wa Kwacha aliyoachiwa Nkandu na baba yake, ambayo ndiyo kitu pekee maishani mwake alichokipata bila kumdanganya mtu.

"Utanirudishia lini, ndugu yangu?" Sakala aliuliza kwa upole.

"Serikali ikilipa. Wiki chache tu."

"Serikali," alirudia Sakala, na akapandisha riba.

Wazee walipokea fedha zao kwa adabu, mikono miwili. Ada ya Mwaba ya muhula huo ililipwa mapema, kwa mara ya kwanza, na nyumba kadhaa za Buchi zikavaa mabati mapya. Wiki iliyofuata redio ikatangaza utaratibu. Wastaafu wote wa Kitwe wafike ukumbi wa manispaa kwa uhakiki. Kila mmoja asimame mwenyewe mbele ya ofisa, na kitambulisho chake, athibitike kuwa yu hai na ndiye. Akihakikiwa, atalipwa. Asiyefika hatalipwa mpaka siku atakayofika, na kwa kuwa hajalipwa, sheria ni ileile. Wanasheria wa waziri waliigeuzageuza usiku na mchana bila kuipata kona.

Nkandu alikodi basi, akalioshesha, na asubuhi na mapema akaliegesha mbele ya kanisa na kupiga honi. Alipiga mpaka dereva akamwomba aipe honi likizo. Hakutokea mtu.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ba Jere alikuwa kitandani, kofia ya sufi imefika kwenye nyusi.

"Mguu," alisema kwa sauti ya mbali.

"Mguu gani, mzee?"

"Wewe unautaka upi?"

"Nina basi nje. Nitakubeba mgongoni!"

"Mimi ni tabibu, kijana. Mguu kama huu haubebwi."

Ba Mwenya hakuwapo. Mkewe alisema amekwenda shambani Mpongwe kuvuna, ingawa mahindi wakati huo yalikuwa bado hayajafika kiunoni. Nyumbani kwa Mama Kasuba palikuwa na kufuli. Jirani alisema mama amepata msiba, amepanda basi la Mpika, na msiba, kama kila mtu ajuavyo, hauulizwi maswali. Katika nyumba nyingine kulikuwa na surua, mafua, nadhiri ya kufunga, na mzee mmoja aliyechungulia dirishani na kusema kwamba yeye hayupo.

Uhakiki uliendelea wiki nzima, kisha ukaongezwa wiki nyingine. Waziri alikuja Kitwe kukabidhi mikupuo mbele ya kamera, na kutoka Buchi hakumpata hata mtu mmoja wa kumpa mkono. Aliwasifu redioni kwa uvumilivu wao.

Mwisho wa mwezi Nkandu aliingia benki, safari hii si kwa ajili ya feni. Riba ya Sakala ilikuwa imeanza kuzaa, na alikwenda kuomba mkopo wa kulipia mkopo. Mbele yake katika foleni ya mishahara walisimama watu aliowafahamu. Ba Mwenya alikuwa amerudi kutoka kwenye mavuno. Ba Jere alisimama wima kama mlingoti, juu ya miguu yote miwili. Kati yao alikuwapo Mama Kasuba, na kitenge kipya.

"Mama!" Nkandu alisema, sauti yake ya shemasi ikiwa imepasuka. "Mama Kasuba! Si waliniambia uko msibani Mpika?"

"Nilikwenda, mwanangu. Nimerudi."

"Nani aliyefariki?"

"Marehemu alipata nafuu."

Foleni nzima ikatazama dari. "Mungu ni mwema," ba Jere aliongeza.

"Mmeuza mikupuo yenu kwangu! Mmekula fedha yangu! Twendeni mkahakikiwe, ofisi bado iko wazi, nawaomba!"

"Hapa ni benki, ba Nkandu," alisema ba Mwenya kwa upole wa mkuu wa shule. "Mambo ya chama yana kikao chake. Jumanne."

Jumanne Nkandu alifika kabla ya mwenye ufunguo. Koti lilikuwa lilelile, lakini gari lilikuwa limekwisha kuhamia kwa Sakala, na viatu vya meneja vilikuwa na vumbi la kutoka Kwacha hadi Buchi. Alipewa nafasi ya kusema. Hakutumia ufundi wowote, jambo ambalo liliwashangaza wote. Alisema Sakala amempa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Alisema nyumba ni ya baba yake, baba amezikwa akiamini kwamba mwanawe atakuwa na paa. Alisema kila mmoja wao asimame tu mbele ya ofisa, dakika moja, na wote wawe huru.

Mama Kasuba akainuka.

"Mwanangu, kaa. Kaa hapo, misumari ya benchi hilo tumeshaigongelea ndani. Nikueleze kama ninavyowaeleza watoto. Ulikuja mara ya kwanza, ukatuuzia mpwa. Tukanunua, ujinga wetu, tulikuwa na hofu. Ukaja mara ya pili, ukasema malipo hayaji, halafu ukayanunua. Nikajiuliza, mtu gani ananunua kisichokuja? Nikajua kinakuja. Nikajua pia kwamba huyu kijana amesahau kitu nilichomwambia mimi mwenyewe: sisi hatukitaki kije. Tumekuuzia mkupuo. Ni wako, hatuna kinyongo, siku ukilipwa tutakuletea wote, mpaka senti ya mwisho, na wapwa wetu hawatauona. Lakini miguu ya kwenda ukumbi wa manispaa hatukukuuzia. Soma mkataba wako."

"Hamna hata huruma?" Nkandu aliuliza.

"Tunayo. Mjukuu wangu amebakiza mwaka na nusu. Huruma yangu yote iko Ndola."

"Na nyumba ya baba yangu?"

Ba Jere alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Mzee mmoja wa benchi la mbele alisema kwamba kijana huyu ni mwizi na aende zake. Mwingine akasema kwamba ni mwizi, ndiyo, lakini amekula ugali ubatizoni, na mtu uliyemlisha si wa kutupwa barabarani. Mzozo ukapanda. Mwenyekiti aligonga meza, akawaita katibu na mhazini, wakaingia chumba cha kuvalia mapadri na kufunga mlango. Humo ndani zilisikika sauti, hasa ya Mama Kasuba, kisha ya ba Jere akisema, "Lakini ni mtoto wa mtu," kisha kicheko.

Walipotoka, ba Mwenya alivaa miwani, akasimama mbele ya wanachama wote, akasoma kwa sauti ya asubuhi ya gwaride:

"Kamati imeamua kama ifuatavyo. Wanachama wa tawi la Buchi watakwenda kuhakikiwa siku Mwaba wa Kasuba atakapohitimu uuguzi, wala si mapema, awe waziri au asiwe waziri. Siku hiyo kila mmoja atamkabidhi Bwana Gershom Nkandu mkupuo wake, kama alivyoahidi. Kuhusu nyumba, mimi na mhazini tutakwenda kesho kwa Bwana Sakala, ambaye nilimfundisha darasa la sita na ninakumbuka alivyokuwa akinakili majibu ya wenzake, tuzungumze naye juu ya riba. Na kwa kuwa Bwana Nkandu sasa anangoja mkupuo wa serikali kuliko sisi sote, anapokelewa leo kuwa mwanachama kamili wa chama hiki. Ila kamati imezingatia kwamba yeye ndiye pekee kati yetu anayengoja bila mshahara. Kwa hiyo imeamuliwa kwamba kila mwisho wa mwezi, tukitoka benki, tutamchangia unga."